Saa Njema ya Kumtawaza Mfalme

Asubuhi ya tarehe 24 Februari, 1975, katika jumba la kale la Hanuman Dhoka mjini Kathmandu, nchini Nepal, wageni mashuhuri kutoka pande nyingi za dunia walikuwa wakiingojea dakika moja tu. Birendra alikuwa amekwisha kurithi ufalme tangu tarehe 31 Januari, 1972, siku aliyofariki baba yake, Mfalme Mahendra. Kwa muda wa zaidi ya miaka mitatu alitawala pasipo kuvikwa taji, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba wanajimu wa kasri walikuwa hawajaiona siku iliyo safi. Hatimaye waliipata, na pamoja na siku wakaitaja saa: saa 2 na dakika 37 asubuhi. Haikuwa saa 2 na nusu, wala saa 3 kasorobo. Ilipowadia dakika hiyo, taji lenye vito na manyoya marefu ya ndege liliwekwa kichwani mwa mfalme.

Msomaji wa Afrika Mashariki asiharakishe kucheka. Katika miji ya pwani yetu, nahodha aliyetaka kutweka tanga, mzee aliyetaka kuoza binti yake na tajiri aliyetaka kuweka msingi wa nyumba, wote walikuwa na desturi ya kuuliza kwanza kama siku waliyoichagua ni ya saada au ya nuhusi. Lugha yenyewe imeihifadhi desturi hiyo. Twasema kwamba fulani ana nyota njema, na aliyeagua mambo kwa nyota huambiwa amepiga falaki. Usemi huu wa mwisho unachanganya mambo mawili ambayo yafaa yatenganishwe. Katika makala haya, falaki ni elimu ya kupima mienendo ya jua, mwezi, nyota na sayari. Unajimu ni ufundi wa kuzisoma bahati za watu katika mienendo hiyo. Wanajimu wa Kathmandu walifanya kazi zote mbili kwa wakati mmoja. Je, ni sehemu ipi ya kazi yao iliyo elimu, na mtu atajuaje?

Kwa nini dakika 37?

Tuanze na sehemu iliyo imara. Ukilitazama jua mwezi baada ya mwezi ukilinganisha na nyota zilizo nyuma yake, utaona kwamba husafiri katika njia moja ile ile na kuimaliza kwa mwaka. Watu wa Babeli ya kale waliigawa njia hiyo katika mafungu 12 yaliyo sawa, kila moja digrii 30. Mafungu hayo ndiyo buruji: Kondoo, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo na Samaki. Wazee wa pwani waliyapokea kwa majina ya Kiarabu, ndiyo Hamali, Thauri, Jauza na kuendelea hadi Hutu.

Dunia nayo huzunguka juu ya mhimili wake digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii moja kwa kila dakika 4. Kwa hiyo, kwa mtu aliyesimama mahali pamoja, buruji huchomoza upande wa mashariki moja baada ya nyingine, na kila moja huchukua kiasi cha saa mbili kuchomoza yote. Mnajimu hushikilia sana buruji inayochomoza wakati jambo linapoanza. Ndiyo maana kwake nusu saa si jambo dogo, na ndiyo maana huweza kutaja dakika. Huko Nepal hutazamwa pia mwezi na vituo vyake 27 angani, pamoja na mahali zilipo sayari: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali.

Hesabu hizi zote ni za kweli. Anayezifanya vizuri huweza kueleza leo hii mahali itakapokuwa Mirihi miaka 10 ijayo, na atakayesubiri ataikuta pale pale. Tena yafaa kukiri kwamba falaki ilikula kwa mkono wa unajimu kwa muda wa karne nyingi. Khalifa al-Mansur alipoujenga mji wa Baghdad mwaka 762, wanajimu Nawbakht na Mashallah walitakiwa kuchagua saa ya kuanza ujenzi. Na katika mji huo huo, katika karne zilizofuata, vitabu vya falaki vya Kihindi na vya Kiyunani vilifasiriwa na kusahihishwa. Johannes Kepler, aliyegundua kanuni za mwendo wa sayari, aliwapigia wakubwa hesabu za nyota zao ili apate riziki. Wafalme walilipia utabiri, na katika kulipia utabiri wakalipia vipimo.

Malkia Elizabeth na Daktari Dee

Miaka mia nne na zaidi kabla ya Birendra, Uingereza nayo ilipata mtawala mpya kijana. Malkia Mary alifariki tarehe 17 Novemba, 1558, na mdogo wake Elizabeth, mwenye umri wa miaka 25, akashika ufalme. Nchi ilikuwa imegawanyika kwa dini, hazina ilikuwa na madeni, na wengi walitilia shaka haki ya msichana huyo kutawala. Robert Dudley, mmoja wa watu wa karibu wa malkia, alimwendea John Dee, mtaalamu wa hisabati aliyesoma Cambridge, akamtaka achague siku ya kutawazwa. Dee alichagua Jumapili, tarehe 15 Januari, 1559, na siku hiyo Elizabeth akavishwa taji katika kanisa la Westminster.

Dee alikuwa na sababu ya kuiogopa kazi hiyo. Mwaka 1555 alikuwa amekamatwa kwa kosa la kupiga hesabu za nyota za Malkia Mary, za mumewe na za Elizabeth mwenyewe. Aliachiliwa baada ya miezi kadhaa, lakini funzo lilikuwa wazi. Ajuaye, au adhaniwaye kujua, siku ambayo mfalme atakufa ni mtu wa hatari, kwa kuwa wenye kiu ya kiti wataanza kujipanga. Elizabeth hakulisahau hilo hata baada ya kunufaika na hesabu za Dee. Mwaka 1581 Bunge lake lilitunga sheria iliyomhesabu kuwa mhalifu mkubwa mtu yeyote atakayepiga hesabu za nyota ili kujua malkia ataishi muda gani au nani atamrithi. Kwa hiyo utabiri wa kumsifu mtawala ulilipwa, na utabiri wa kumkadiria mwisho wake ulikuwa na adhabu. Mizani ya namna hiyo haiwezi kupima kitu kwa haki, hata kama nyota zingekuwa na la kusema.

Hati ambayo ndani yake Dee alieleza sababu za kuichagua siku ile haikusalia. Lakini mahali jua lilipokuwa siku hiyo hapahitaji hati. Mtu yeyote anaweza kupakokotoa. Itakumbukwa tu kwamba Uingereza ya wakati ule ilitumia kalenda ya Julius Caesar, iliyokuwa imeachana na majira kwa siku 10. Tarehe 15 Januari yao ni sawa na tarehe 25 Januari kwa kalenda yetu. (Dee mwenyewe aliiona kasoro hiyo, na mwaka 1583 alipendekeza kalenda irekebishwe. Maaskofu walipinga, na Waingereza wakasubiri hadi mwaka 1752. Katika jambo hili, ambalo lilikuwa falaki tupu, Dee alikuwa sahihi, na hakuna aliyemsikiliza.)

Jua moja, buruji mbili

Sasa tuyaweke matukio haya mawili pamoja. Siku ya kutawazwa kwa Elizabeth, kwa hesabu ya wanajimu wa Ulaya, jua lilikuwa kiasi cha digrii 5 ndani ya buruji ya Ndoo. Siku ya kutawazwa kwa Birendra, kwa hesabu ya wanajimu wa Nepal, jua lilikuwa pia ndani ya Ndoo, kiasi cha digrii 11 au 12. Mtu angedhani kwamba wafalme hawa wawili walivishwa taji chini ya jua la buruji moja. Lakini mnajimu wa Nepal akiletewa tarehe ya Elizabeth, atasema jua lilikuwa katikati ya Mbuzi. Na mnajimu wa Ulaya akiletewa tarehe ya Birendra, atasema jua lilikuwa limekwisha kuingia Samaki.

Hakuna aliyekosea hesabu. Tofauti inatokana na swali dogo: buruji ya kwanza inaanzia wapi? Wanajimu wa Ulaya huanza kuhesabu kutoka mahali jua lilipo siku ya mlingano wa Machi, wakati mchana na usiku huwa sawa. Wale wa India na Nepal huanza kutoka mahali palipopangwa kwa kuzifuata nyota zenyewe. Kiasi cha miaka 2,000 iliyopita, au pungufu kidogo, mianzo hiyo miwili ilikuwa karibu mahali pamoja. Lakini mhimili wa dunia hautulii. Huyumba polepole kama pia ya mtoto inayokaribia kuanguka, na mzunguko mmoja wa kuyumba huko huchukua miaka ipatayo 26,000. Mwendo huu uligunduliwa na Hipparchus, Myunani, katika karne ya pili kabla ya Kristo. Matokeo yake ni kwamba mahali pa mlingano husogea digrii moja kila baada ya miaka 72 hivi. Wakati wa Elizabeth mianzo hiyo miwili ilikuwa imeachana kwa digrii 18 hivi; siku hizi imeachana kwa digrii 24, ambazo ni karibu buruji nzima.

Mwanafunzi aizingatie maana ya jambo hili. Iwapo watu wawili wangepima joto la maji yale yale, mmoja akapata digrii 40 na mwingine 60, tungejua kwamba kipimo kimoja ni kibovu, na tungetafuta njia ya kujua ni kipi. Katika unajimu, jua lile lile huwa Ndoo kwa huyu na Mbuzi kwa yule. Kila mmoja humtolea mteja wake maelezo kamili, na wateja wa pande zote mbili huondoka wameridhika. Yamkini shule moja ni sahihi na nyingine imepotea. Lakini kama ni hivyo, karne nyingi za kufanya kazi zilipaswa kuionyesha iliyopotea, kwa kuwa utabiri wake ungeshindwa mara nyingi kuliko wa mwenzake. Haikutokea hivyo. Hilo laashiria kwamba kuridhika kwa mteja hakutoki kwenye nyota.

Elizabeth alitawala miaka 44, akanusurika ndui mwaka 1562, akazishinda njama kadhaa za kumwua, akafariki kitandani tarehe 24 Machi, 1603, akiwa na umri wa miaka 69. Birendra alipigwa risasi ndani ya kasri lake la Narayanhity usiku wa tarehe 1 Juni, 2001, pamoja na mkewe na jamaa wengine. Na tarehe 28 Mei, 2008, Nepal ikawa jamhuri. Wapo watakaosema kwamba hapa ndipo ubishi unapokwisha: saa 2 na dakika 37 ilikuwa nuhusi tupu. Hoja hiyo haifai, na mwalimu asiikubali darasani. Ikiwa maisha marefu ya Elizabeth si ushahidi kwamba Dee alisema kweli, basi kifo cha Birendra si ushahidi kwamba wanajimu wa Kathmandu walisema uongo. Tukio moja halipimi kitu. Isitoshe, mnajimu atakuwa na jibu: pengine bila saa ile mfalme asingefika hata mwaka 1980. Jibu hilo haliwezi kukanushwa, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Hakuna aliyeandika kabla ya kutawazwa ni mambo gani yakitokea yatamaanisha kwamba saa ile haikuwa njema.

Mfalme aliyekubali kukosea

Namna nyingine ya kutabiri ilionekana Siam, nchi ambayo leo yaitwa Thailand, katika karne ya 19. Mfalme Mongkut alikuwa mtawa wa Kibudha kwa miaka 27 kabla ya kutawala mwaka 1851. Katika utawa wake alijifunza Kilatini, Kiingereza na falaki ya Ulaya, naye aliijua vema pia ile ya nchi yake. Alikokotoa kwamba tarehe 18 Agosti, 1868, jua litapatwa kabisa, na kwamba mahali pazuri pa kulitazama ni kijiji cha Wah Koh, kusini mwa Bangkok, karibu na bahari. Hakuishia hapo. Aliamuru kambi ijengwe huko, akawaalika wataalamu wa Kifaransa na Gavana Mwingereza wa makoloni ya Malaka, kisha akasafiri mwenyewe na kundi kubwa la watu wa kasri.

Ufikiriwe ujasiri wa jambo hilo. Siku, saa na mahali vilikuwa vimetangazwa. Kama jua lingeendelea kuwaka, mfalme angeaibika mbele ya raia wake, na mbele ya mataifa mawili yaliyokuwa yakiimendea nchi yake. Jua lilipatwa kama alivyosema, na giza likadumu zaidi ya dakika 6. Siku hiyo hiyo, kivuli kilipopita India, Mfaransa Jules Janssen aliichambua nuru ya kingo za jua huko Guntur. Uchunguzi uliofanywa juu ya kupatwa kule ulionyesha mstari wa manjano usiolingana na elementi yoyote iliyojulikana. Baadaye elementi hiyo ikaitwa heli, na mwaka 1895 ikapatikana hapa duniani.

Mongkut hakuishi kuyasikia hayo. Huko Wah Koh alipata malaria, akafariki tarehe 1 Oktoba, 1868. Mwanawe Chulalongkorn, aliyekuwa na umri wa miaka 15 tu, aliugua pia lakini akapona, akamrithi. Hakuna buruji iliyomwonya mfalme juu ya mbu wa kambi ile, wala sayansi ya wakati ule haikuweza kumwonya; ilichukua miaka 29 zaidi, hadi 1897, Ronald Ross alipowaona vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Na mila ina nguvu zake: kilembwe cha Mongkut, Mfalme Vajiralongkorn, alitawazwa Bangkok tarehe 4 Mei, 2019, na saa njema iliyochaguliwa ilianzia saa 4 na dakika 9 asubuhi hadi saa 6 mchana. Sherehe yahitaji saa maalumu ili watu wakutane, na hakuna ubaya saa hiyo ikipewa heshima. Ubaya huanza pale saa hiyo inapodaiwa kuwa na uwezo, na anayetaka kuupima uwezo huo anapoambiwa kwamba amevunja adabu.

Unajimu waweza kupimwa

Wapo waliojaribu kufanya kwa unajimu kile ambacho Mongkut alifanya kwa falaki. Mwaka 1985 Shawn Carlson, Mmarekani, alichapisha katika jarida la Nature matokeo ya jaribio ambalo masharti yake yalikubaliwa kwanza na wanajimu wenyewe. Kila mnajimu alipewa mchoro wa nyota za kuzaliwa kwa mtu asiyemjua, pamoja na maelezo ya tabia za watu watatu yaliyotokana na mtihani wa kisaikolojia, mmoja wao akiwa mwenye mchoro. Alitakiwa kumtambua. Kwa kubahatisha tu, mtu angepata theluthi moja. Wanajimu walitabiri kwamba wangepata nusu au zaidi. Wanajimu 28 walioshiriki, kwa michoro zaidi ya 100, walipata karibu theluthi moja. Baadhi ya watu wamebishana tangu hapo juu ya hesabu za jaribio lile, nayo ni haki yao; ubishi wa namna hiyo unawezekana kwa sababu tu idadi zilichapishwa.

Darasa lolote la sekondari laweza kufanya jaribio dogo la aina hii bila gharama. Zichukuliwe tabiri 12 za gazeti la jana, moja kwa kila buruji. Yakatwe majina ya buruji na tarehe zake, karatasi zichanganywe na kupewa namba, kisha kila mwanafunzi achague ile inayofanana zaidi na siku yake ya jana. Asiwepo aliyekwisha kuliona gazeti hilo. Katika darasa la wanafunzi 48, kubahatisha tu kutawafanya wanafunzi 4 hivi wachague buruji yao wenyewe, na mara nyingi idadi itakuwa kati ya 1 na 7. Kabla ya majina kufunuliwa, wanaouamini unajimu na wasiouamini wakubaliane ni idadi gani itakayowafanya wabadili mawazo yao, na mwalimu aiandike ubaoni kwa herufi kubwa.